Maswali ya Wasomaji: Ukuta Umepasuka na Wakili Ameandika Barua

Mvua za Nyanda za Juu Kusini zinapokatika mwezi Mei, barua zinazoifikia safu hii hubadilika sura. Mwezi Novemba wasomaji huuliza juu ya vibali vya ujenzi na bei ya saruji. Mvua zikishakwisha huuliza juu ya nyufa, misingi iliyotitia na nani anayepaswa kulipa. Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wasanifu majengo wenyewe, hasa wenye ofisi ndogo, na karibu zote zinagusa bima. Majina tumeyaacha na mambo mengine tumeyabadili ili wahusika wasitambulike.

Swali

Ndugu Mhariri, nina ofisi ya usanifu hapa Mbeya, nasi ni watu watatu. Miaka miwili iliyopita tulichora nyumba ya wageni ya ghorofa moja huko Uyole, katika kiwanja chenye mteremko, pamoja na ukuta wa kuzuia udongo upande wa nyuma. Mwezi Aprili ukuta ulipasuka, ukainama na kuegemea kibanda cha jenereta. Mwenye mradi alinitumia picha kwa WhatsApp, nami nikamjibu kwa moyo safi kwamba nampa pole, tutalimaliza, na niko tayari kuchangia nusu ya gharama. Sasa nimepokea barua ya wakili wake, anayedai gharama zote za ukuta pamoja na mapato ya vyumba vilivyofungwa. Bima ya dhima ya kitaaluma ninayo tangu Januari mwaka jana, ila kampuni ya bima sijaiambia chochote, kwa kuwa nachelea kwamba ada itapanda. Nifanyeje?
*Msanifu, Mbeya*

Jibu

Ndugu Msanifu, iandikie kampuni ya bima leo, kabla hujamjibu wakili na kabla hujampigia mwenye mradi. Andika kwa barua au barua pepe, usipige simu peke yake, na uambatanishe barua ya wakili, picha na mazungumzo yote ya WhatsApp, pamoja na yale unayotamani yasingekuwapo. Ukinunua bima kupitia dalali, mtumie yeye nakala na umtake akuthibitishie kwa maandishi kwamba ameifikisha.

Sababu ya haraka hiyo ni namna bima hii inavyofanya kazi. Bima ya dhima ya kitaaluma humlinda mtaalamu anayedaiwa kwamba uzembe katika kazi yake umemtia mtu hasara, na haifanani na bima ya gari ambayo huangalia siku ajali ilipotokea. Hii, katika hati nyingi, huangalia siku dai lilipokufikia na siku ulipolitolea taarifa: hati inayojibu ni ile iliyo hai wakati huo, hata kama kosa lilitendeka zamani. Kwa hiyo ukiiacha hati ya mwaka huu iishe ukiwa umenyamaza, kisha mwezi Januari ukajaza fomu mpya, utakuta swali linalouliza kama unajua jambo lolote linaloweza kuzaa madai. Ukijibu “hapana” umedanganya, na hati inaweza kubatilishwa. Ukijibu “ndiyo”, ukuta wa Uyole utaondolewa kwenye kinga ya mwaka mpya. Katika hali zote mbili utabaki peke yako na wakili.

Tena, ulipaswa kutoa taarifa hata kabla ya barua ya wakili. Hati nyingi humtaka mwenye bima aripoti siyo dai tu bali pia tukio lolote analolifahamu ambalo laweza kugeuka kuwa dai, na picha ya ukuta ulioinama ni tukio la namna hiyo bila ubishi. Faida yake ni kwamba tukio likisharipotiwa ndani ya muda wa hati, dai litakalofuata, hata likija mwaka wa pili, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni la hati hiyo.

Baada ya hapo tafuta ndani ya hati yako tarehe ya nyuma, yaani siku ambayo kampuni imekubali kuifikia inapohesabu kazi zako za zamani. Wewe ulichora miaka miwili iliyopita, na bima uliianza Januari mwaka jana, hivyo huenda michoro ilitangulia hati. Kama hati inasema kazi zote za nyuma zimo, uko salama kwa upande huo. Kama inataja Januari mwaka jana kuwa ndiyo mwanzo, angalia kwa makini ni lini hasa michoro ya ukuta ilikamilishwa na kama ilirekebishwa baadaye, kwa kuwa tarehe iliyo kwenye kisanduku cha maelezo pembeni mwa mchoro ndiyo itakayosomwa kwanza.

Sasa tuje kwenye ule ujumbe wa nusu ya gharama. Pole ulizompa si tatizo. Mtu wa kwetu akipatwa na hasara hupewa pole, na hakuna hakimu atakayekuhukumu kwa utu. Tatizo ni ahadi ya kulipa. Karibu kila hati ya aina hii inakataza mwenye bima kukiri kosa, kuahidi malipo au kufikia mapatano bila ridhaa ya kampuni, na ukivunja sharti hilo unaipa kampuni sababu ya kukataa. Usijaribu kuufuta ujumbe ule. Ueleze kama ulivyo, ueleze na mazingira yake, na kuanzia sasa usiahidi kitu. Mwenye mradi mwandikie mistari miwili ya heshima kwamba umepokea barua, umeifikisha panapohusika na utamjibu; kumnyamazia kabisa kutamkasirisha bila faida.

Kuhusu ukuta wenyewe, anza kukusanya ushahidi kabla fundi mwingine hajaubomoa. Kuta za kuzuia udongo huangushwa na maji mara nyingi kuliko udongo mkavu: mvua ya miezi mitano hulowesha udongo nyuma ya ukuta, maji yasiyo na pa kutokea hujikusanya na kusukuma, na ukuta uliosimama kiangazi kizima huinama mwezi Aprili. Ndiyo maana mchoro mzuri huonyesha tabaka la kokoto nyuma ya ukuta, bomba la kupitishia maji chini yake, na matundu ya kutolea maji yaliyopangwa kwa safu usoni mwa ukuta. Fungua mchoro wako, kisha zitazame zile picha za WhatsApp. Ikiwa mchoro unaonyesha matundu na picha zinaonyesha ukuta mzima wa mawe usio na tundu hata moja, hoja inahamia kwa aliyejenga. Lakini usifurahi mapema, maana swali la pili litakuja: je, mkataba wako ulikuwa na usimamizi? Kama ulilipwa kutembelea saiti, ukaukuta ukuta umefika kiunoni bila matundu na hukuandika neno, mchoro mzuri hautakuokoa. Kama ulilipwa michoro tu na mwenye mradi akaenda na fundi wake, hilo nalo liwe limeandikwa mahali.

Tafuta pia ni nani aliyepiga hesabu za ukuta. Kama mhandisi wa miundo aliajiriwa na mwenye mradi moja kwa moja, dai lielekezwe kwake kwa sehemu inayomhusu. Kama ulimwajiri wewe, mteja ana haki ya kukushika wewe, nawe utamgeukia mhandisi. Hapo ndipo utakapotamani ungemdai nakala ya bima yake mlipoanza kazi.

Hofu yako ya ada kupanda naielewa, na huenda ikapanda kweli. Lakini hasara ya kukataliwa dai haina mfano na nyongeza ya ada. Jiandae vilevile kubeba kiasi cha kwanza cha hasara, ambacho hati hukutaka ujilipie mwenyewe, na usome kama gharama za wakili wa kukutetea zinahesabiwa ndani ya ukomo wa fidia, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa, au nje yake, kwa kuwa shauri la ukuta laweza kuchukua muda mrefu kuliko ujenzi wake. Wala usifarijiwe na miaka miwili iliyopita: kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya mkataba kwa kawaida yana miaka 6 na madai ya uzembe miaka 3 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na siku hiyo ya kuzaliwa kwake yenyewe hubishaniwa.

Swali

Hongera kwa kazi, Mhariri. Mimi na mwenzangu tuna ofisi Iringa mjini, na tumesajili jina la biashara tu. Shirika moja linataka tulichoree shule ya bweni wilayani Kilolo kwa ada ya shilingi milioni 38. Rasimu ya mkataba inatutaka tuwe na bima yenye ukomo wa shilingi milioni 500, na kifungu kingine kinasema kwamba “msanifu anahakikisha jengo litafaa kwa matumizi yaliyokusudiwa”. Hizo milioni 500 zinatutisha. Tusaini?
*Wabia wawili, Iringa*

Jibu

Ndugu zangu, mmeogopa kifungu kisichostahili. Milioni 500 ni jambo la kujadiliana na kulipia. Kile kifungu cha kuhakikisha ndicho cha hatari, na bima yenyewe haitawasaidia juu yake.

Wajibu wa msanifu kisheria ni kufanya kazi kwa ujuzi na uangalifu wa kawaida unaotarajiwa kwa mtaalamu wa fani yake. Anayemdai hana budi kuonyesha kwamba kiwango hicho hakikufikiwa. Ukisaini kwamba unahakikisha jengo litafaa, umeuacha wajibu huo na kuchukua dhamana: jengo lisipofaa unadaiwa hata kama hukuzembea popote. Hati za bima ya kitaaluma huandikwa juu ya uzembe, na kwa kawaida hutoa nje wajibu ambao mtu ameuongeza mwenyewe kwa mkataba zaidi ya ule ambao sheria ingempa. Kwa hiyo mtakuwa mmelipia bima ya milioni 500 na papo hapo mmesaini dai ambalo haiwezi kuligusa. Ombeni kifungu kisomeke kwamba msanifu atatekeleza huduma zake kwa ujuzi, uangalifu na bidii ya kawaida ya msanifu mwenye sifa anayefanya kazi ya aina hiyo. Mashirika mengi hukubali yakielezwa, kwa kuwa nayo hayana faida na ahadi isiyolipika.

Tukirudi kwenye milioni 500, ada ya milioni 38 isiwapotoshe. Hasara hailingani na ada. Inalingana na kile kinachoweza kuharibika, na hapa ni mabweni wanamolala watoto. Milango ya bweni inafungukia wapi na ni mingapi, nondo za madirisha zinafunguka kwa ndani au zimechomelewa, umbali kutoka kitanda cha mwisho hadi nje ni upi: hayo ndiyo watakayoyauliza kwanza kama, Mungu apishe mbali, moto ukitokea usiku, na majibu yote yako kwenye michoro yenu. Kuna mambo mawili ya kudai badala ya kuziogopa hizo milioni 500. La kwanza ni kifungu kinachoweka ukomo wa wajibu wenu katika mkataba wenyewe, ulingane na ukomo wa bima, ili msidaiwe zaidi ya kinga mliyonayo. La pili, kama kiwango hicho kinatakiwa kwa mradi huu tu, ulizeni bei ya bima ya mradi mmoja na mwombe mteja aibebe kama gharama ya mradi.

Mnapouliza bei, msikubali kuambiwa nambari moja tu. Milioni 500 kwa kila dai ni tofauti na milioni 500 kwa madai yote ya mwaka, na rasimu ya mkataba iseme ni ipi. Kampuni itataka kujua mapato yenu ya ada, aina ya majengo mnayoyachora, sifa za wahusika, madai ya nyuma na kama mnasimamia ujenzi. Jazeni fomu kwa ukweli mtupu, hata yale yasiyopendeza, kwa kuwa mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu wa pande zote na jambo kubwa lililofichwa laweza kuivunja hati. Hakikisheni wakala au dalali mnayekwenda kwake ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na mkumbuke kwamba hao wawili si kitu kimoja: wakala anaiwakilisha kampuni ya bima, dalali anamwakilisha mteja. Kwa bima ya kitaaluma mimi ningemtafuta dalali, kwa sababu maneno ya hati hutofautiana sana baina ya kampuni na kampuni na mtu mmoja wa kuwasomea anahitajika. Lipeni ada kabla ya siku ya kwanza ya kinga, na msisaini mkataba kwa kutegemea ahadi ya simu kwamba hati “inaandaliwa”.

Msichanganye bima hii na ile ya hatari zote za mkandarasi. Hiyo hulinda kazi inayojengwa na vifaa vilivyopo saiti, na mara nyingi gharama ya kurekebisha kosa la usanifu imetolewa nje. Nimewahi kuona mkataba ambao msanifu aliridhika kwamba “mradi una bima”, naye hakuwamo.

Jambo la mwisho kwenu ni hilo jina la biashara. Ubia kwa sheria zetu, ambazo zimo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huwafanya wabia wabebe madeni ya ubia kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mwenzako akikosea mchoro, nyumba yako ya Kihesa imo. Kusajili kampuni yenye ukomo wa hisa hakumwondolei msanifu wajibu wake wa kitaaluma mbele ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, wala hakumkingi na kila dai, lakini hutenganisha mali za watu na madeni ya ofisi. Mwoneni wakili kabla ya mradi huu, siyo baada yake.

Swali

Ndugu Mhariri, hapa Njombe fundi mmoja ananiletea ramani zilizochorwa na kijana asiyesajiliwa, ananitaka nigonge muhuri na kusaini ili mwenye nyumba apate kibali. Ananilipa vizuri na ramani zenyewe nikizitazama si mbaya. Bima yangu itanilinda?
*M., Njombe*

Jibu

Haitakulinda, na usitarajie vinginevyo. Hati yako inalinda huduma za kitaaluma zilizotolewa na ofisi yako na watu uliowataja. Hapa hakuna huduma iliyotolewa, kuna muhuri uliouzwa. Kampuni ikigundua hivyo ina kila sababu ya kulikataa dai, na kabla haijafika huko Bodi ya usajili wa fani yetu itakuwa imekuita chini ya sheria yake ya mwaka 2010. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36; tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka lingine Kariakoo. Siku kama hizo jambo la kwanza linalotafutwa ni jalada la kibali, na ndani yake jina lililo chini ya muhuri.

Kama ramani si mbaya kweli, ipokee kazi hiyo kama yako: onana na mwenye nyumba, tembelea kiwanja, chora upya unachoona kinahitaji kuchorwa, saini mkataba na utoze ada yako. Kijana naye umwajiri. Fundi akikataa njia hiyo, umeshajua alichokuwa akikitaka.

Swali

Mhariri, mteja wangu wa Tukuyu alinunua kwangu ramani ya nyumba ya vyumba vinne. Nimesikia kwamba ndugu yake ameichukua ramani hiyohiyo na anajenga Mbarali, na mwingine anataka kuitumia Itezi, Mbeya. Sikulipwa kwa nyumba hizo. Zikipasuka nitadaiwa?
*Msanifu wa Rungwe*

Jibu

Malipo ni shauri lako la haki ya ubunifu, nalo linastahili barua yake. Lililo zito zaidi ni kwamba nyumba uliyoichorea Tukuyu haijui Mbarali. Huko kwenu Rungwe udongo ni wa majivu ya volkano na mvua ni nyingi kupita kiasi, hivyo ulifikiria paa lenye mwinuko, mifereji na msingi wa pale. Bonde la Usangu lina maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, ukiacha nyufa zinazomeza kidole kiangazi; msingi wa kawaida wa mkanda hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka kuta zinapasuka juu ya linta, yaani boriti za juu ya milango na madirisha, na pembeni mwa madirisha. Itezi nako mteremko una habari yake: mwezi Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka mlimani na kufukia nyumba za watu. Na eneo zima la Mbeya limekaa panapokutana matawi ya Bonde la Ufa, ambapo ardhi hutikisika; tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa barani Afrika.

Utadaiwa? Mwenye nyumba iliyopasuka anaweza kujaribu, kwa sababu jina lako liko kwenye karatasi, na hata kujitetea dhidi ya dai lisilo na msingi kuna gharama. Kwa hiyo waandikie leo wote watatu, mteja wako na hao wawili, kwamba michoro ilitayarishwa kwa kiwanja kile cha Tukuyu chenye namba fulani, haijapimwa kwa kiwanja kingine, hukushirikishwa na huna wajibu kwa matumizi hayo. Wape pia nafasi ya kukuita uikague kwa ada, maana huyo wa Itezi bado hajaanza na msaada wako unamfaa zaidi ya onyo. Hifadhi uthibitisho kwamba barua zimepokelewa. Mpe na dalali wako wa bima nakala.

Kwa kazi zijazo, kila ukurasa wa mchoro uwe na namba ya kiwanja na maneno yanayosema kwamba mchoro hautumiki mahali pengine bila idhini ya maandishi. Mkataba nao useme hivyohivyo, tena useme kwamba uchunguzi wa udongo ni jukumu la mteja kuugharamia na kwamba akikataa, ameshauriwa. Hapa wasanifu wengi hulegea. Mteja anasema “udongo huu naujua, babu yangu alijenga hapa”, msanifu anacheka naye, na mazungumzo hayo hayaandikwi popote. Ukirudi ofisini jioni hiyohiyo mtumie ujumbe mfupi: “Kama tulivyozungumza leo, nimekushauri udongo upimwe kabla ya msingi, nawe umeamua kutoupima.” Ujumbe huo ni wa bure, na siku ya dai kampuni ya bima itauulizia kabla ya kitu kingine chochote.

Swali

Shikamoo Mhariri. Nimehitimu usanifu majengo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na niko mafunzoni katika ofisi ndogo. Bosi hunituma saiti peke yangu, napanda hadi ghorofa ya tatu kwenye jukwaa la miti. Nikianguka, bima ya ofisi inanihusu?
*Mhitimu*

Jibu

Marahaba. Bima ya dhima ya kitaaluma haikuhusu kwa hilo. Hiyo ni ya wateja na watu wa nje. Anayeumia kazini anaangaliwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mchango hulipwa na mwajiri bila kukatwa mshahara wa mfanyakazi. Muulize bosi wako, kwa adabu lakini kwa maandishi, kama ofisi imesajiliwa na kama wewe uliye mafunzoni umeorodheshwa. Kofia ngumu na viatu vya saiti uombe ofisini, na jukwaa usilipande kama mkandarasi hajalikagua. Una haki ya kubaki chini na kuandika katika ripoti kwamba hukuweza kukagua ghorofa ya tatu kwa sababu ya usalama.

Neno moja kwa bosi, akiwa anasoma: mhitimu anayetembelea saiti peke yake na kumjibu fundi maswali anatoa maelekezo kwa jina la ofisi. Fundi akiambiwa “weka nondo za milimita kumi, zinatosha”, aliyesema hivyo mbele ya sheria ni wewe.

Swali

Ndugu Mhariri, nimefanya kazi ya usanifu Iringa tangu ujana wangu na mwisho wa mwaka huu nafunga ofisi kwa sababu ya umri. Sina dai hata moja. Naweza kuacha kulipa bima?
*Mstaafu mtarajiwa*

Jibu

Mzee wangu, hongera kwa kufika hapo bila dai. Ila usiache. Kwa kuwa bima hii hujibu dai linapofika, siku utakapoacha kulipa ndiyo siku majengo yako yote, hata yaliyokamilika mwaka jana, yanapobaki bila kinga. Iko kinga maalumu ya baada ya kufunga kazi, ambayo haihusu kazi mpya bali hulinda zile za zamani, na kwa kawaida ada yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Ukizingatia ile miaka 6 ya madai ya mkataba niliyoitaja juu, ningekushauri usipungue hapo tangu kukamilika kwa jengo lako la mwisho, na kama kuna jengo kubwa lenye matumizi ya umma uongeze.

Iombe kinga hiyo kabla hati ya sasa haijaisha, maana ukirudi mwezi Machi baada ya kukaa miezi bila bima, kampuni inaweza kukuhesabu kama mteja mpya asiye na historia, au ikakataa kabisa. Kabla ya kufunga, pitia miradi yako ya miaka ya karibuni na uripoti kila malalamiko uliyopokea, hata lile la paa linalovuja ambalo mlilimaliza kirafiki. Hati zako za bima za miaka yote usizitupe. Zitunze pamoja na mikataba, michoro iliyosainiwa, ripoti za saiti na hati za makabidhiano mahali pasipofika maji wala mchwa, na umwonyeshe mmoja wa wanao au mtu unayemwamini zilipo, kwa sababu dai linaweza kuwafikia wasimamizi wa mirathi yako nao hawatajua waanzie wapi. Dalali wako mwandikie mapema, mwezi Septemba au Oktoba. Desemba ofisi nyingi hufanya kazi nusunusu.